Basi la shule likifika makavazini, mbona sanaa ya leo inarukwa?

Kama ulisomea shule ya msingi Nairobi au kaunti jirani, bila shaka ulipandishwa basi la shule siku moja ukapelekwa Makavazi ya Kitaifa pale Museum Hill. Ratiba ya ziara hiyo unaijua. Mnashuka, mnapangwa mistari miwili, mnahesabiwa. Mnapita kwa Ahmed, ndovu wa Marsabit aliyelindwa kwa amri ya Rais Jomo Kenyatta hadi alipokufa mwaka wa 1974, na ambaye sanamu yake ingali imesimama pale uani. Mnaonyeshwa ndege waliokaushwa. Mnachungulia mifupa ya Mvulana wa Turkana. Kisha mmoja wenu anataja nyoka, na mistari yote miwili inavunjika.

Sasa hebu jiulize: siku hiyo ulisimama mbele ya mchoro gani? Ndani ya jengo hilohilo kuna ukumbi ambamo wachoraji na wachongaji walio hai huonyesha kazi zao. Huenda ulipita mlangoni pake. Huenda hata uliambiwa, "Haraka, haraka, huko hakuna kitu." Ulirudi shuleni, ukaandika insha ya ziara, ukapata alama zako. Hakuna aliyekuuliza kuhusu michoro kwa sababu haikuwa kwenye orodha.

Sitazunguka. Tunawanyima wanafunzi wetu sanaa ya leo, na kisingizio chetu kikuu, kwamba hakuna pesa, ni nusu tu ya ukweli. Nusu ya pili ni kwamba hatujazoea kumuuliza kijana wa miaka 15 anaona nini, kisha tukanyamaza tumsikilize.

Kwanza tuelewane kuhusu maneno. Hapa Kenya ukisema "msanii", watu wanafikiria mwimbaji mwenye video YouTube. Ukisema "sanaa", wanafikiria twiga wa mbao wanaouziwa watalii Maasai Market. Sanaa ninayozungumzia hapa ni ile inayotengenezwa na watu wanaoishi leo, wanaopanda matatu unazopanda na kupotelewa na stima usiku uleule inapopotea kwenu. Wanatumia rangi, mabati, nguo kuukuu, picha au video kusema jambo kuhusu maisha haya haya. Wataalamu wana majina yao marefu ya kuigawa sanaa hiyo kwa vipindi. Wewe iite sanaa ya leo, inatosha.

Na tayari wewe ni mtazamaji wake. Ile nganya ya Rongai au Umoja unayoiacha ipite kwa sababu nauli imepanda, halafu bado unaigeuzia shingo, ni mchoro unaotembea. Unajua ni nani amechorwa ubavuni. Unajua kwa nini yeye na si mwingine. Mnabishana na wenzako kama graffiti ya mwaka huu imeshuka kiwango, na kila mmoja ana sababu zake. Hiyo ndiyo tahakiki, hata kama mnaifanyia stejini mkila smokie.

Mwaka wa 2012, watu wa Nairobi waliamka wakapata kuta za katikati mwa jiji zimechorwa tumbusi wa kisiasa, huku uchaguzi ukikaribia. Hapakuwa na kibandiko cha maelezo pembeni. Makanga alielewa, muuza magazeti alielewa, na nadhani hata mheshimiwa mwenyewe akipita na gari lake la vioo vyeusi alielewa vizuri mno. Sasa kwa nini kijana huyohuyo anayesoma ukuta wa mtaani bila shida akiingizwa ndani ya jumba la sanaa anakuwa bubu?

Jibu langu ni kwamba shuleni tumemfunza kuwa kila swali lina jibu moja, na jibu hilo analo mwalimu. Akifika mbele ya mchoro anamtazama mwalimu. Mwalimu naye, maskini, hajafunzwa chochote kuhusu mchoro huo, kwa hivyo anatazama saa. Wote wawili wanaogopa kukosea. Wanaondoka.

Tatizo hili si letu peke yetu. Katika miaka ya 1980, Philip Yenawine alikuwa mkuu wa elimu katika MoMA, makavazi ya sanaa ya kisasa jijini New York. Waelekezaji wake walikuwa hodari na wageni walifurahia kuwasikiliza. Lakini ilipochunguzwa, ikabainika kwamba mengi waliyofundishwa yalikuwa yakiwatoka mara tu ziara inapoisha. Yenawine akaungana na mwanasaikolojia Abigail Housen, wakaunda mtindo wa kufundisha unaoegemea maswali matatu mepesi. Picha hii, kunatendeka nini ndani yake? Unaona nini kinachokufanya useme hivyo? Na nini kingine tunaweza kuona? Basi. Mwalimu hatoi hotuba. Anaonyesha kwa kidole kile mwanafunzi alichotaja, anakirudia kwa maneno mengine ili darasa lote lisikie, anampa mwingine nafasi.

Swali la pili ndilo lenye uzito. Ukisema mwanamke aliye kwenye picha ana huzuni, sawa, lakini tuonyeshe: ni mabega? Ni ile rangi ya samawati iliyofifia nyuma yake? Kuna uhuru wa kusema, na kuna deni la kuthibitisha. Mtoto aliyezoea kulipa deni hilo hadanganywi kirahisi na picha iliyotengenezwa kwa akili unde na kusambazwa WhatsApp wakati wa kampeni. Hilo nalisema kwa kupita tu, ila lifikirie.

Hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu mtindo huu kwako si mgeni kama unavyodhani. Wewe uliye katika kundi la mwisho la 8-4-4, ambalo litafanya KCSE mwaka wa 2027, unaweza kuandika insha ya alama 20 kuhusu Bembea ya Maisha hata ukiamshwa usiku wa manane. Unajua kwamba bembea ile si bembea tu. Unazijua jazanda, taswira, kinaya, ishara, taharuki. Umefunzwa kutoa hoja kisha kuitolea ithibati kutoka kwenye maandishi. Maneno hayo yote ni ya Kiswahili, yamo kichwani mwako, na yanafanya kazi kabisa mbele ya mchoro au sanamu. Kama hakuna mwalimu aliyewahi kukuambia hivyo, ni kwa sababu karatasi ya fasihi haina picha.

Tujaribu. Wangechi Mutu alizaliwa Nairobi mwaka wa 1972. Mnamo Septemba 2019, makavazi ya Metropolitan kule New York yaliweka sanamu zake nne za shaba kwenye vishubaka vya ukuta wa mbele wa jengo, vishubaka vilivyokuwa vimekaa vitupu tangu 1902. Ni wanawake. Miili yao imevikwa kitu kama kamba zilizojisokota kutoka shingoni kwenda chini, na kila mmoja ana sahani inayong'aa kama kioo, imewekwa mahali tofauti kichwani. Sasa zingatia jambo hili. Kwenye majengo ya kale ya Ulaya utakuta wanawake wa mawe wanaobeba paa kwa vichwa vyao. Hata huku Afrika, viti vya watawala katika jamii kadhaa vilichongwa hivyohivyo: mwanamke yuko chini, mkubwa ameketi juu. Wanawake wa Mutu hawabebi chochote. Wameketi.

Mwanafunzi wa fasihi, hiyo tuiite nini? Ni kinaya? Ni jazanda? Ile sahani inaakisi jua, au inamrudishia anayetazama sura yake mwenyewe? Ningeweza kukaa hapa nusu saa. Wewe pia ungeweza, na ungeona jambo ambalo mimi sijaliona. Lakini ingia shule yoyote ya upili leo uulize Wangechi Mutu ni nani. Usishangae ukiambiwa anawania ubunge. Wanafunzi wa New York walipita mbele ya sanamu hizo wakienda shuleni. Wa kwetu tuliwapeleka kuona nyoka. (Sina ugomvi na nyoka, na Snake Park ni mahali pazuri.)

Basi nani anafanya vizuri hapa nyumbani? Cha kuchekesha ni kwamba waliofanya mengi kwa watoto ni wale wasio na jumba la kifahari.

Nenda Lunga Lunga, Mukuru, kule kwa mabati na viwanda. Mwaka wa 2004, wachoraji vijana wa mtaa huo, akiwemo Shabu Mwangi, walianzisha Wajukuu Art Project. Hawakungoja mfadhili awajengee ukumbi. Walichora, na wakawafunza watoto wa majirani kuchora. Mnamo 2022 walialikwa kwenye documenta, maonyesho makubwa yanayofanyika Kassel, Ujerumani, kila baada ya miaka mitano na kudumu siku 100. Walichukua lango la ukumbi wa documenta Halle wakalivika mabati yenye kutu, wageni wakawa wanaingia kupitia kijia chenye giza, nusu nyumba ya Mukuru, nusu manyatta. Mwaka huohuo walitunukiwa Tuzo ya Arnold Bode.

Tuzo ni nzuri, na niliishangilia. Lakini kinachonivutia mimi ni kwamba pale Wajukuu kumfunza mtoto hakukuja baadaye kama kitengo cha kuwaridhisha wafadhili. Kulikuwepo tangu mwanzo, bega kwa bega na uchoraji wenyewe. Mtoto wa Mukuru anayechora nao anajua msanii anafanana vipi. Amevaa ndala, mikono ina rangi, na yuko kazini. Jambo hilo dogo wanafunzi wengi wa shule za kifahari hawalijui.

Kibera nako kuna Maasai Mbili, kundi lililoanzishwa mwaka wa 2001 na Otieno Gomba na Otieno Kota, waliokuwa wakichora mabango ya vibanda na vinyozi. Naivasha yuko Sane Wadu. Huyu alikuwa mwalimu. Miaka ya 1980 aliacha chaki akashika brashi, watu wakasema amerukwa na akili, naye akawajibu kwa kujiita Sane, neno la Kiingereza lenye maana ya mtu mwenye akili timamu. Yeye na mkewe Eunice, ambaye pia ni mchoraji, wamewafunza watoto kuchora kwa miaka mingi. Yaani mtu aliacha kufundisha ili awe msanii, kisha usanii ukamrudisha kufundisha. Mwaka wa 2022, kazi zake zilionyeshwa katika Nairobi Contemporary Art Institute, taasisi iliyoanzishwa na mchoraji Michael Armitage, yule Mnairobi anayechora juu ya gome la mti la Uganda linaloitwa lubugo.

Taasisi hiyo ni hatua kubwa, sikatai. Ina maonyesho, ina maktaba, na nia yake ni kuhifadhi historia ya sanaa ya Afrika Mashariki ili isiishie yote kwenye sebule za matajiri wa ng'ambo. Lakini iko ndani ya Rosslyn Riviera Mall, Limuru Road. Wewe uliye Kayole au Donholm piga hesabu: matatu moja hadi tao, matatu nyingine hadi huko, halafu nyingine mbili kurudi. Hiyo ni pesa ya chakula cha mchana cha wiki. Na hapo bado hatujafika mlangoni.

Mlango wenyewe una shida zake. Nimewahi kuandamana na vijana watatu wenye sare za shule hadi jumba moja la sanaa hapa Nairobi, sitalitaja. Mlinzi aliniuliza mimi, si wao, "Hawa wametumwa na nani?" Nikamwambia hawajatumwa, wamekuja kutazama. Akaita mtu. Huyo mtu akaita mwingine. Mwishowe tuliruhusiwa kuingia, na mhudumu akatufuata chumba hadi chumba kana kwamba tungeondoka na ukuta. Msichana mmoja aliyekuwa amejaa maswali njiani hakufungua mdomo tena hadi tulipotoka barabarani. Hakuna aliyetutukana. Hakuna bango lililosema wanafunzi hawatakiwi. Lakini ujumbe ulifika.

Ninyi wenye makavazi na majumba ya sanaa, nafasi ya kurekebisha hili mnayo, na haihitaji dola. Walker Art Center, mjini Minneapolis, Marekani, ina baraza la vijana tangu mwaka wa 1996. Whitney ya New York ilianza programu yake ya vijana mwaka uliofuata. Hawa hawaalikwi kuja kupongeza. Hukutana mara kwa mara, huzungumza na wasanii ana kwa ana, huandaa shughuli za rika lao, na mawazo yao husikilizwa. Mwaka wa 2015, makavazi manne ya Marekani, hayo mawili yakiwemo, yalitoa utafiti uliowafuatilia waliopitia programu hizo, wengine sasa wakiwa watu wazima wenye kazi na watoto. Si wote waliokuwa wasanii, la. Lakini walisema kule ndiko walikojifunza kujiamini, kupinga hoja kwa heshima, na kujua kwamba makavazi ni mahali pao pia.

Utasema Wamarekani wana pesa. Haya, twende Cape Town. Zeitz MOCAA ilifunguliwa Septemba 2017 ndani ya maghala ya zamani ya nafaka pale bandarini, na iliamua kwamba aliye chini ya miaka 18 huingia bure. Bure! Kisha kijana hahitaji hata kujieleza mlangoni. Sisi tuna kiingilio nafuu kwa wanafunzi katika makavazi ya serikali, na hilo ni jambo jema, lakini kiingilio si mzigo mkubwa. Mzigo ni basi, dereva, mafuta, na barua saba za kuomba ruhusa. Kama wanafunzi hawawezi kufika, msanii anaweza kwenda. Msanii mmoja, kazi mbili zilizofungwa kwenye shuka, alasiri moja katika ukumbi wa shule ya kutwa. Hilo halihitaji basi la watu 51.

Kuna jambo la lugha pia, na hapa nitalalamika kidogo. Ingia maonyesho mengi ya Nairobi, soma maandishi ya ukutani. Ni Kiingereza, tena si Kiingereza cha kawaida. Ni kile kinachosema msanii "anahoji nafasi" na "kuingilia kumbukumbu" hadi hata mwalimu wa Kiingereza anakuna kichwa. Kiswahili kiko wapi? Ni lugha ya taifa na lugha rasmi, Katiba ya 2010 imesema hivyo katika Kifungu cha 7. Na si kwamba hakiwezi. Wanawake wa Pwani wamekuwa wakisoma picha na maneno kwa pamoja kwenye kanga tangu zamani: rangi gani, pindo gani, jina gani, amevaa nani, amempitia nani mlangoni. Huo ni usomaji wa sanaa wa hali ya juu, na unafanywa kwa Kiswahili, bila shahada. Andikeni sentensi tatu za Kiswahili chepesi kando ya kila kazi. Hata wapeni wanafunzi waziandike wenyewe. Ningelipa kusoma kibandiko kilichoandikwa na msichana wa Gredi ya 9 kutoka Likoni.

Lakini acha nikuambie kile ninachoshuku. Nadhani wakubwa wengi hawaogopi kwamba vijana hawataielewa sanaa ya leo. Wanaogopa kwamba wataielewa. Unakumbuka Aprili 2025? Wasichana wa Butere Girls walifika Nakuru kwenye Tamasha la Kitaifa la Drama na mchezo wao, Echoes of War, baada ya mahakama kuamuru waruhusiwe kuigiza. Kulirushwa vitoa machozi. Wasichana wakaimba wimbo wa taifa, wakaondoka jukwaani bila kuigiza. Ule ulikuwa mchezo wa kuigiza wa wanafunzi. Hakuna aliyesema ni mgumu kueleweka.

Ndiyo maana shuleni tunapenda sanaa ya kupamba. Chora ua, chora mlima, chora bendera siku ya Madaraka. Ukichora polisi, au mama anayengoja dawa hospitalini, mwalimu mkuu ataita mzazi. Sanaa ya leo inaleta vitu hivyo darasani, na mwalimu asiye na mgongo wa kumtetea hatavileta. Simlaumu kabisa. Lakini makavazi yangeweza kuwa mgongo huo. Mwalimu akisema, "Kazi hii tuliitazama pale Makavazi ya Kitaifa, na hili ndilo swali waliloliandika wao wenyewe," atakuwa amesimama mahali pagumu kidogo kuangushwa.

Kwa nini naipigia kelele sasa? Januari 2026 kundi la kwanza la Gredi ya 10 liliingia sekondari pevu, kila mmoja akiwa amechagua mkondo: sayansi na teknolojia, sayansi ya jamii, au sanaa na michezo. Maelfu ya watoto waliulizwa kama wanataka kufuata sanaa na hawajawahi kusimama mbele ya kazi ya msanii aliye hai. Ni kama kumuuliza mtu kama anapenda bahari ilhali hajatoka Wajir. Mzazi naye anauliza swali lake la haki, "Utakula rangi?" Sitakudanganya kwamba kila mchoraji anauza. Wengi hawauzi, wengine hufundisha, hubuni matangazo, hupaka nganya, hufanya kazi tatu. Lakini mzazi anayeuliza swali hilo pia hajawahi kupelekwa mahali akamwona mchoraji anayelipa kodi ya nyumba kwa kuchora. Hajui kama wapo. Ukweli ni kwamba wapo, na baadhi yao wanaishi si mbali na hapo anapouliza.

Mwalimu unayesoma haya, ziara ya muhula ujao usiipange ipitie kila chumba. Chagua kazi tatu. Tatu tu. Kaeni chini sakafuni mbele ya kila moja dakika 15, uliza yale maswali matatu, funga mdomo. Watacheka mwanzoni. Atakayekaa nyuma kabisa, yule ambaye hesabu zinamtesa, huenda ndiye atakayeona kidole cha sita kwenye mkono uliochorwa. Kisha waachie nyoka, wameifanyia kazi.

Na wewe kijana usingoje mwalimu. Kama uko Nairobi, Nairobi Gallery iko pale Uhuru Highway inapokutana na Kenyatta Avenue, unatembea tu kutoka stejini. Jengo lenyewe lilijengwa 1913, likawa ofisi ya Mkuu wa Mkoa, na watu walifika hapo kusajili waliozaliwa, waliofunga ndoa na waliofariki. Sasa linahifadhi mkusanyo wa Joseph Murumbi, makamu wa pili wa rais wa nchi hii, aliyenunua sanaa ya Afrika wakati wengi serikalini walinunua mashamba. Kama uko Mombasa, Swahilipot iko hatua chache kutoka Fort Jesus, na vijana wenzako wamejaa humo. Beba kitambulisho cha shule. Nenda na rafiki mmoja anayependa kubishana. Chagueni kazi moja, na yeyote atakayesema "ni nzuri" au "ni mbaya" aulizwe na mwenzake papo hapo: umeona nini?

Mlinzi akikuuliza umetumwa na nani, mtajie jina lako.